Fungu la Wasiobisha Hodi

Ufunguo wangu ni mdogo kama kijiko cha chai, na kwa huo ningeweza kuua popo laki moja kabla uji haujapoa. Sheria ndiyo iliyotaka hivyo baada ya ile homa ya kwanza iliyomaliza nyumba nzima nzima kule bondeni: kila pango kubwa liwekewe droni za gesi mlangoni, na funguo ziwe mbili, zizungushwe pamoja. Mmoja anao mkurugenzi wa Mamlaka ya Mapango. Wa pili anao mlinzi wa pango. Na mlinzi wa pango la Nyabihanga ni mimi, Kokuhirwa binti Projestus, daktari wa mifugo niliyeacha ng'ombe wa watu nikafuata popo wasio na mwenyewe. Kijijini kwetu Kashanda wananiita Mama Popo, wakidhani nitaudhika. Waniite tu. Popo hajawahi kunisengenya.

Wiki ya harusi ya mdogo wangu Alistides, asubuhi, kikombe kiko mkononi, taa ya kibandani kwangu ikatoka kijani ikawa manjano.

Taa hiyo inasema kwa niaba ya mitambo miwili. Kuna Sikio, yaani nyuzi tulizozitandaza darini mwa pango zinazonasa kelele za popo, hata zile nyembamba ambazo binadamu hazisikii. Kompyuta inazichambua: huyu anamwita mwanawe, huyu anagombea pa kuning'inia, huyu hajisikii vizuri. Na kuna Pua, shuka za plastiki zilizotandikwa chini, zinadaka mkojo na mate yao na kupima kama kirusi kimeanza kutoka. Kijani, lala. Manjano, kaa macho. Nyekundu, funguo mbili, na hakuna mjadala.

Nikavaa visikilizio. Popo hawa nawajua, najua hata umbeya wao, maana mchana kutwa hawanyamazi. Asubuhi ile hapakuwa na umbeya. Palikuwa na ugomvi wa aina moja tu, kila kona ya pango: toka, hiki changu, toka. Kompyuta ikaniandikia kile nilichokwisha kukisikia. Wanagombea chakula.

Popo mwenye njaa ndiye popo wa kuogopwa.

*

Bwana Luvanda, mkurugenzi wetu, alifika mchana, gari lake la umeme limepakwa tope hadi kwenye vioo. Ni mtu wa Iringa, mrefu, mpole wa sauti, na upole wake huo ndio unaonikera, maana huwezi kumgombeza mtu asiyepandisha sauti.

"Habari za hapa, Daktari?"

"Za hapa ni manjano. Umeiona."

"Nimeiona. Ndiyo maana nimekuja na ufunguo."

"Manjano haifungui kitu, Bwana Luvanda."

"Wewe na mimi tukikubaliana, inafungua." Akavuta kiti, akakaa kama mgeni aliyeitwa. "Jumamosi mna harusi hapo chini. Watu wa vijiji vitatu, sinia moja, kibuyu kimoja. Homa ikiingia humo itarudi na wageni hadi makwao. Tuzungushe leo, kabla hawajatoka kwenda kula."

"Tuue laki moja kwa sababu taa imepiga chafya?"

Hakucheka. "Kaka yangu naye ilianza kwa kichwa kuuma, kidogo tu. Nikamwambia anywe maji alale. Tulimzika ndani ya mfuko, Daktari, na mama yetu alikatazwa kumgusa. Aliyemshika mama asimguse ni mimi. Kwa mikono hii."

Akaiweka mezani, mbele yangu. Mikono ile sina jibu lake hata leo.

Lakini kunyamaza si tabia yangu, basi nikamweleza taratibu. "Ndugu yangu, popo akiruka, mwili wake unachemka kila jioni kama wa mtu mwenye homa kali. Kwake ni kawaida. Kwa hiyo askari wa mwili wake wamejifunza kutogombana ovyo, na kirusi kinaishi naye kama mpangaji wa chumba cha nyuma, kimya, miaka nenda miaka rudi. Kinachomtoa mpangaji nje ni mwenye nyumba kudhoofika. Hawa wamedhoofika kwa njaa, nimewasikia. Ukiwapiga gesi, waliolala mitini watakuponyoka, na pango litabaki tupu. Pango zuri kama hili halikai bila watu. Watakuja popo vijana kutoka mapango mengine, damu yao haijawahi kukiona kirusi hiki, na kitawapitia wote kwa mkupuo. Hapo ndipo utaiona nyekundu ya kweli, na gesi umeshaimaliza."

"Unaweza kuniapia kwamba ukiwaacha hakuna mtu atakayekufa?"

"Siwezi."

"Na ukikosea, atazikwa nani?"

"Baba yangu. Mdogo wangu. Shangazi yangu aliyenilea. Unadhani silijui hilo?"

Nilikuwa nimepandisha sauti peke yangu. Nasema wazi, niliogopa. Ufunguo ulikuwa shingoni, na ulinishawishi. Nikiuzungusha, hakuna mtu duniani atakayenilaumu. Hata homa ikija baadaye, watasema Koku alifanya alichoweza. Nisipouzungusha, kila kaburi litakuwa na jina langu. Mtu anaweza kuua kwa kuogopa kulaumiwa, na usiku akalala vizuri kabisa.

Luvanda akavuta kiti chake karibu na taa. "Ikigusa nyekundu, sitakuomba."

"Ikigusa nyekundu, hutahitaji kuniomba."

"Basi nenda katafute nani kawanyima chakula. Mimi naikalia taa."

*

Nilianzia nyumbani, kwa sababu moja ya aibu: nilikuwa na njaa mimi mwenyewe.

Kufika uwanjani nikakuta shughuli imepamba moto. Tata, baba yangu, alikuwa amepiga magoti kwenye migomba akifukua shimo walilovundikia ndizi. Harufu ilikupokea tangu njiani, tamu hadi puani. Wanaume walikuwa wanatoa mikungu iliyoiva njano tupu, tayari kwa kumenywa, kuingizwa kwenye gogo la mtumbwi na kukamuliwa kwa nyasi, ipatikane rubisi, pombe ya ndizi ya harusi. Kwetu Uhayani unaweza kwenda ukweni bila suti, bila gari, hata bila meno. Bila rubisi huendi.

Pembeni, kwenye kiti kikubwa cha sebuleni kilichotolewa nje kwa heshima yake, alikaa Shangazi, Ma Adventina, akiamuru kila mtu na kukohoa. Mbele yake pipa la chuma lilikuwa likitoa moshi.

"Shikamoo, Shangazi. Unachoma nini?"

"Marahaba. Nachoma makapi ya ndizi za mtumbwi wa kuonja. Si ninyi wa Mamlaka mlituambia? Kisibaki kitu kitamu nje, popo wasisogee. Basi tunakamua, tunachoma, tunakohoa. Kashanda yote sasa inakohoa kwa ajili yako."

"Zamani mlikuwa mnayapeleka wapi?"

"We mtoto, ulikulia Ulaya? Tuliyamwaga kule chini ya msitu. Bibi yako aliliita fungu la wasiobisha hodi. Alisema ni la mizimu. Mimi nikajua ni uvivu wa kuchimba shimo."

Nilisimama pale kama mti. Fungu la wasiobisha hodi! Nililibeba mwenyewe utotoni, ungo kichwani, maji matamu yakinichuruzika hadi mgongoni. Kila nyumba yenye migomba katika vilima hivi ilikuwa inakamua, na kila nyumba ilimwaga makapi yake ukingoni mwa msitu, na hakuna aliyewahi kurudi jioni kutazama nani anakula. Kisha homa ikaja, Mamlaka ikatoa amri, na kwa nia njema kabisa watu wakachoma kila kitu. Popo walihamia kwenye mikuyu ya ng'ambo ya kilima. Mwaka huu mikuyu nayo imekatwa kupisha mitambo ya jua. Tulikuwa tumewalisha vizazi na vizazi bila kujua, tukawanyima bila kujua, halafu tukawa tunashangaa taa.

Nikageuka kwa baba. "Tata, nazitaka ndizi hizi."

"Chukua chane, mwanangu. Chukua hata mbili."

"Nazitaka zote."

Wanaume wakaacha kazi. Alistides, bwana harusi mwenyewe, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuchukulia jambo lolote kwa uzito, akacheka. "Dada amelewa harufu."

"Popo wana njaa. Wasipokula, homa itatoka. Hakuna ndizi mbivu nyingine za kutosha karibu isipokuwa zilizovundikwa majumbani, na zenu ndizo zilizoiva leo."

Tata akainuka, magoti yamejaa udongo. "Koku, unataka niende kwa Ta Rugarabamu mikono mitupu? Rugarabamu! Mzee aliyemrudisha mchumba wa kwanza wa binti yake, mbele za watu, kwa sababu rubisi ilikuwa imechacha kidogo? Nikamwambie nini? Kwamba nimewapa popo?"

"Ndiyo, Tata."

"Wale waliotuulia watu?"

"Hao hao."

Hapo hata mimi nilisikia jinsi lilivyo neno la kichaa. Jirani mmoja akatema mate chini. Mke wa yule mtu yuko makaburini tangu homa ya kwanza, na sikuwa na haki ya kumwambia asiteme.

Alistides hakuwa anacheka tena. "Dada, sema bila kuzunguka. Tusipowapa, itakuwaje?"

"Inawezekana isiwe kitu. Na inawezekana mchumba wako Editha akawa mjane kabla fungate haijaisha. Ningekuwa na hakika ningekwambia. Sina. Nina wasiwasi tu, na wasiwasi wangu nimeusomea."

Kisha kile kiti kikubwa kikalia, Shangazi akasimama. Kwetu, mambo ya harusi yakifika kwa shangazi yamefika mwisho wa barabara. Akajifunga kanga upya kiunoni.

"Projestus, toa ndizi."

"Dada, hebu..."

"Nimesema toa. Ndoa ni ya watoto, si ya mtumbwi. Rugarabamu niachie mimi."

*

Tulizipandisha kwa pikipiki za mizigo hadi kibandani, zilipoegeshwa droni za pango, kila mtu na glavu zake. Luvanda akatoka, akatazama matenga, akanusa.

"Hii ni nini?"

"Ni chakula chao cha jioni. Nataka kidondoshwe ng'ambo ya kilima, kwenye visiki vya mikuyu, wasikokaa watu. Na vyombo vya kukifikisha huko ni droni zako tu."

"Droni zangu zimebeba gesi."

"Naziona."

Alielewa upesi kuliko nilivyotaka. Kuing'oa ile mitungi kwenye droni ni kazi ya dakika. Kuifunga tena, na kuipima isivuje, ni kazi ya kutwa. Taa ikiwa nyekundu jioni ile, funguo zetu zote mbili zingekuwa vijiko vya chai kweli. Nilimtazama akigeuka kuiangalia taa, kisha kijiji huko chini, moshi wa majiko ukipanda. Sikumhimiza. Nilikuwa nimeshamwomba mtu mmoja kitu kikubwa siku ile.

"Mama yangu hajanisamehe," alisema. "Hasemi, lakini najua. Nilifuata amri sawasawa, Daktari. Kila kipengele."

Akavua koti, akalitundika mlangoni, akapiga goti kando ya droni ya kwanza.

"Shika hapa. Kwa mikono miwili, usiache."

Tukang'oa mtungi baada ya mtungi, tukaning'iniza matenga mahali pake. Jua lilipozama, zile mashine zilizotengenezwa kwa mauaji ziliinuka zikielea kilimani, zimejaa ndizi za harusi. Alistides alizipungia mkono. "Kwaheri rubisi yangu!" Watu wakacheka, hata baba, ingawa alikuwa akifuta macho.

Popo wakatoka. Kwanza wachache, kisha mlango wote ukawa mweusi, na upepo wa mbawa zao ukatupuliza nyusoni. Hawakushuka kijijini. Mkondo mzima ulikata kona juu ya kilima ukafuata harufu.

*

Asubuhi taa ilikuwa bado manjano. Ningependa kusema vinginevyo. Popo walirudi na shibe ya mlo mmoja, na mlo mmoja haumponyi aliyekonda. Mchana ule manjano ikakolea ikawa rangi ya chungwa, na Luvanda akasimama, ufunguo mkononi, akitazama mitungi yake iliyolala chini kwenye nyasi. Laiti angenitukana, ningepumua.

"Ndizi zimekwisha," nikasema.

"Najua."

Ndipo tukasikia watu.

Walikuja kwa njia ya kilima, msururu usio na mwisho: mikungu vichwani, mikungu kwenye baiskeli, mikungu kwenye mikokoteni. Shangazi alikuwa amezunguka nyumba hadi nyumba tangu alfajiri, na anayemjua Shangazi anajua kwamba humkatalii. Unachagua tu kukubali sasa au kukubali baada ya kusemwa. Wa mbele kabisa alikuwa yule jirani aliyetema mate. Alitua mkungu wake miguuni pangu.

"Siwapendi," aliniambia. "Hata kidogo. Lakini sitaki mwenzangu mwingine achimbe kaburi nililochimba mimi. Wape wale."

Nikamkumbatia, glavu na yote. Nililia kama mtoto na sikuona haya.

Mkokoteni wa mwisho ulitoka kwa Ta Rugarabamu mwenyewe, umejaa hadi juu. Kijana aliyeusukuma alikuwa amepewa ujumbe, akautoa kwa sauti ya mzee: "Hizi ni za popo. Rubisi yangu naisubiri Jumamosi." Tata akashika kichwa.

Tukalisha. Jioni ile, na iliyofuata, na nyingine tena. Mimi nilikaa na visikilizio hadi masikio yakauma, na nilisikia mambo yakibadilika kabla taa haijabadilika. Ugomvi ulipungua kona moja, kisha nyingine. Jike mmoja akamwita mwanawe. Mwingine akajibu lisilomhusu. Umbeya ulikuwa umerudi! Pango zima lilikuwa linasengenyana tena, na sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

Ijumaa mchana, Luvanda akiwa amesinzia kitini, Pua ikakubaliana na Sikio. Kijani.

Nilipiga kigelegele kikamwangusha kitini. Akaitazama taa akiwa bado chini, akatazama mikono yake, akacheka cheko moja refu lililoishia kwenye kilio. Kisha akatoa simu, akatoka nje, akampigia mama yake. Sikusikiliza walichosema. Nilimwona tu akiitikia kwa kichwa, ndiyo mama, ndiyo mama, na alipomaliza alikaa kwenye nyasi jua likimwaka usoni.

*

Jumamosi jioni tulikwenda ukweni na kibuyu kitupu.

Shangazi alikibeba mwenyewe, kimepambwa kwa majani ya mgomba kama kilichojaa, mrija umechomekwa mdomoni. Uwanja wa Ta Rugarabamu ulikuwa umefurika watu. Yeye alikaa katikati, mzee mkavu, masharubu meupe, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Editha alichungulia dirishani. Tata alikuwa anatokwa jasho, akinong'ona sala.

Shangazi akapiga magoti, akanyoosha kibuyu. "Ta Rugarabamu, rubisi ya watoto hii hapa."

Mzee akakipokea kwa mikono miwili. Akakipima uzito. Akajua. Uso wake haukubadilika. Akauleta mrija mdomoni, akafumba macho, akavuta. Akavuta kwa muda mrefu, koo likipanda na kushuka, kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Kisha akakishusha, akafuta masharubu kwa mgongo wa mkono.

"Hii," akasema, "haikuchacha hata kidogo."

Uwanja ukalipuka. Vigelegele, ngoma, Tata akimkumbatia kila aliyekuwa karibu, Editha akitoka mbio bila kungoja kuitwa. Kibuyu kikazunguka mkono kwa mkono, na kila mtu alikunywa, akasifia, akampa mwenzake. Luvanda alivuta mrija hadi mashavu yakabonyea, akasema kwao Iringa hakuna pombe kali kama hii.

Ndipo popo wakapita juu yetu, kundi lote, wakielekea ng'ambo ya kilima kwenye fungu lao. Zamani watu wangekimbilia ndani. Jioni ile tuliinua vichwa tukawasindikiza kwa vigelegele hadi wa mwisho akapotea, na hakuna aliyekwenda kufunga mlango.